MOTO WA JUNI SI MOTO WA SEPTEMBA

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Ifikapo Septemba, akina mama wengi wa Pasiansi huanua nguo zao kabla ya jua kutua. Si kwa hofu ya mvua, kwani mvua ingali mbali; ni kwa hofu ya masizi. Upepo wa usiku, ule utokao nchi kavu kuelekea ziwani, huja na vipande vyeusi vyembamba, vyepesi kama manyoya ya kifaranga, vikatua juu ya shuka nyeupe na sare za shule. Ukikigusa kimoja kwa kidole hukipati tena. Unabaki na mstari mweusi usiotoka ila kwa sabuni. Hizo ni nyasi zilizoungua mahali fulani nyuma ya vilima vya mawe. Mchana wake Ziwa hujifunika utusitusi wa moshi na vumbi, na jioni jua huzama likiwa jekundu kama kaa la moto.

Mama mwenye nguo huyalaumu masizi, na ana haki. Lakini masizi yale ni sehemu ndogo kabisa ya kilichoungua. Mzigo mzima wa nyasi kavu, ukiutia moto, huacha majivu haba ambayo mtoto aweza kuyabeba kwa kopo. Je, mzigo wenyewe umekwenda wapi?

Umekwenda hewani. Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, na mmea huitwaa kaboni hiyo kutoka hewani. Majani huvuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu za jua pamoja na maji yanayopandishwa na mizizi, huigeuza kuwa sukari, gome, mbao na mizizi. Kazi hiyo ya miezi au miaka, moto huifumua kwa dakika chache. Aliyekipatia Kiswahili jina la “hewa ya ukaa” alifanya kazi nzuri, maana mkaa ulioko jikoni na ukaa ulioko hewani ni ndugu wa toka nitoke. Tofauti yao ni kwamba mmoja waweza kuutia guniani. Ukiunguza tani 1 ya kaboni, zinatoka zaidi ya tani 3 na nusu za hewa ya ukaa, kwa kuwa kila chembe ya kaboni huondoka imebeba chembe 2 za oksijeni.

Hesabu hiyo ingebaki ya wataalamu peke yao lau kama ardhi isingekuwa ghala letu sote. Katika kila tani 10 za hewa ya ukaa ambazo binadamu huzitoa kwa viwanda, magari na ufyekaji wa misitu, takribani tani 3 hupokelewa na mimea na udongo wa nchi kavu. Na chumba kikubwa zaidi cha ghala hilo hatukioni, kwa kuwa tunakikanyaga: udongo wa dunia, hadi kina cha mita 2, una kaboni nyingi kuliko mimea yote na hewa yote vikijumlishwa. Bila ghala hilo joto ambalo wakulima na wavuvi wetu wanalilalamikia lingekuwa kali zaidi ya lilivyo. Ukame na moto ndio wanaolivunja. Mara nyingi huja wakifuatana, ingawa, kama tutakavyoona, nyikani kwetu hawaji wakati mmoja.

MKOPO NA KIWANJA

Hata hivyo si kila moto ni mharibifu, na hapa ndipo mabango mengi ya barabarani yanapopotosha. Bango huonyesha mti unaowaka na swala anayekimbia, na chini yake maneno ya kuuita moto adui. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo! Zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka limo barani Afrika, na sehemu kubwa ya kinachoungua ni nyasi za nyikani. Nyasi hizo zimezoea moto tangu kabla ya binadamu kujenga mji wowote. Kaboni inayopaa Julai hurudi Machi, mvua zikinyesha na majani mapya yakichipua. Ni sawa na mfanyakazi anayekopa unga dukani tarehe 20 na kulipa mwisho wa mwezi: deni lipo, lakini halimfilisi.

Moto unaoua mti ni jambo jingine. Huo ni sawa na kuuza kiwanja. Mgunga au mninga uliochukua miaka 40 kukua haurudi msimu ujao, na kaboni iliyokuwa ndani yake hukaa hewani ikingoja mti mwingine uote, ukue, na unusurike na moto kwa miaka mingine 40.

Ni nini basi kinachotenganisha moto wa mkopo na moto wa kiwanja? Jibu lilitafutwa kwa subira huko Ndola, Zambia, ambako katika miaka ya 1930 mabwana misitu walipima vipande vya msitu wa miombo na kuvitendea kwa njia tofauti. Kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka. Cha tatu kililindwa kisiguswe na moto. Miaka ilipita, mabwana misitu wakastaafu, wengine wakashika kazi. Kipande kilicholindwa kiligeuka msitu mzito. Kile cha moto wa mapema kiliendelea kuwa msitu wenye miti mikubwa. Na kile cha moto wa mwisho wa kiangazi karibu miti yake yote mikubwa ilikufa, pakabaki nyasi na machipukizi ya visiki yanayounguzwa kila mwaka kabla hayajafika kiunoni.

Sababu yake yaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kuwasha jiko kwa kuni mbichi. Mwezi wa Juni nyasi zina maji. Moto hutambaa chini kwa chini, hushindwa kuvuka bonde, na umande wa usiku huuzima. Mwezi wa Septemba hakuna umande wa kutosha, upepo ni mkali, na ndimi za moto hupanda hadi kwenye matawi. Gome hupasuka, mche hufa, na gogo lililoanguka huteketea lote na kuacha mstari mweupe wa majivu ardhini kama alama ya chaki.

Hapa hapa Pasiansi, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1966 kufundisha askari wa wanyamapori. Mpita njia huwaona vijana wake wakipiga kwata na hudhani kwamba kazi inayowangoja ni ya kukimbizana na majangili tu. Majangili wapo, lakini katika mapori ya akiba na hifadhi wanakopelekwa, kiangazi huja na kazi nyingine ya jasho: kufyeka mikuza ya kuzuia moto, kuzima moto usiotakiwa kwa matawi mabichi, na pia, jambo linalowashangaza wengi, kuwasha moto wao wenyewe mapema ili ule wa Septemba usikute cha kula. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo haikupiga marufuku moto kwa jumla. Inamtaka anayechoma apate ruhusa kwanza. Anayejua tarehe ya kuchoma ni mlinzi, asiyeijua ni mharibifu, na kiberiti chao ni kimoja.

YALIYOTENDEKA SHINYANGA

Wapo waliolijua jambo hili zamani na kulitumia kinyume. Katika miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ilikuwa ikihangaika na mbung'o waliokuwa wakieneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mwingereza C. F. M. Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake Shinyanga, alitambua kwamba mbung'o hawaishi pasipo kivuli cha vichaka. Basi wananchi walizuiwa kuchoma nyasi mapema, zikaachwa zirefuke na zikauke kabisa, kisha zikawashwa kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi ili moto uwe mkali wa kuua vichaka na miti. Ni somo lile lile la Ndola, ila huku kuua miti ndilo lililokuwa kusudi.

Haitakuwa haki kumlaumu mtu aliyetaka kuwaokoa ng'ombe wa Wasukuma na mbung'o. Lakini moto ulifungua mlango, na baada yake waliingia wengi: mashoka ya kufyeka vichaka, mashamba ya pamba, mifugo iliyozidi malisho, na matanuri ya mkaa. Kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 nako kuliwatenga wafugaji wengi na maeneo ya malisho waliyokuwa wakiyatunza kwa desturi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa Jangwa la Tanzania, na mwaka 1986, baada ya Mwalimu Nyerere kuitembelea na kuona hali yake, ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI.

Mwanzoni mabwana misitu walikuja na miche ya kigeni kwenye vijaluba. Mingi ilikufa. Kilichofaulu kilikuwa kitu ambacho bibi yeyote wa Kisukuma angeweza kuwaeleza bila kudai posho: ngitili. Mfugaji hufunga kipande cha ardhi mvua zinapoanza, asiingize ng'ombe humo, na kukifungua kiangazi malisho ya nje yanapokwisha. Ndani ya ngitili visiki vilivyokuwa bado hai chini ya ardhi vilichipua vyenyewe, migunga ikasimama, na udongo ukaanza kushika maji. Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta zipatazo 600 tu za ngitili zilizoandikwa. Kufikia mwaka 2004, katika vijiji zaidi ya 800, zilihesabiwa hekta zisizopungua 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyefunga ngitili kwa ajili ya kaboni. Zilifungwa kwa ajili ya ng'ombe, kuni, dawa na nyasi za kuezekea. Lakini kaboni ilirudi pamoja nazo, kwanza kwenye miti, kisha taratibu sana kwenye udongo.

Familia nyingi zinazoishi Pasiansi, Kirumba na Nyamanoro bado zina ndugu Kwimba, Magu, Maswa na Shinyanga, na wengine wana ng'ombe wao huko. Wao wanajua kwamba ngitili iliyotunzwa vizuri ina hatari yake. Mwezi wa Septemba, nje ya uzio ardhi ni tupu na hakuna cha kuungua. Ndani ya uzio nyasi zimefika kifuani. Kadiri unavyohifadhi ndivyo unavyojaza kuni. Cheche moja ya mrina asali, au ya mtoto anayechoma panya, yaweza kuteketeza kwa alasiri moja malisho ya miezi 3 pamoja na miti ya miaka 20. Simu ya namna hiyo ikipigwa mjini usiku, mwenye mshahara hujua kwamba mwezi huo kutakuwa na ng'ombe wa kuuza kwa bei ya kutupa.

UKAME UNAPOINGIA

Mtu angedhani kwamba mwaka wa ukame ndio mwaka wa moto. Katika misitu minene ndivyo ilivyo. Nyikani mambo hugeuka: mwaka wa ukame nyasi hazioti, na chache zilizopo huliwa hadi mizizi, kwa hiyo moto hukosa njia ya kupita. Ni mwaka unaofuata, mvua zikirudi kwa wingi huku mifugo imepungua kwa njaa, ambapo nyasi hufunika nchi na moto hupata karamu.

Serengeti, ambayo pembe yake ya magharibi hukaribia Ziwa kwa upande wa Bunda na Busega, ni shahidi mkubwa wa jambo hili. Ugonjwa wa sotoka ulioingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 uliendelea kuua nyumbu kwa miongo mingi. Ng'ombe wa vijiji vya jirani walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na idadi yao ikapanda kutoka takribani 250,000 hadi zaidi ya milioni 1 kufikia mwaka 1977. Midomo zaidi ya milioni moja ilikula nyasi ambazo hapo awali zilikuwa zikiungua. Moto ukapungua, miche ikaponyoka, miti ikaongezeka, na watafiti waliopiga hesabu hizo walionyesha mwaka 2009 kwamba Serengeti, iliyokuwa ikipoteza kaboni, iligeuka kuwa ghala la kuihifadhi. Chanjo ya ng'ombe wa mwanakijiji ndiyo iliyootesha miti ile. Kisha ukame wa mwaka 1993 ukaua nyumbu kwa maelfu kwa maelfu, idadi ikashuka chini ya milioni 1, na ikaonekana wazi jinsi mizani hiyo ilivyo nyepesi.

Lakini ukame hauhitaji moto ili kulivunja ghala. Jua likizidi na maji yakikosekana, jani hufunga vitundu vyake vidogo ili lisipoteze unyevu, na kwa kuvifunga hujinyima pia hewa ya ukaa. Mti umesimama, ni wa kijani, lakini haufanyi kazi. Ni kama kiwanda kilichokatiwa umeme. Ukame ukirefuka, hufa. Na udongo nao una tabia yake. Katika miaka ya 1950, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga, Kenya, mtafiti H. F. Birch aliukausha udongo, akaulowesha, na kupima kilichotoka. Aligundua kwamba udongo uliokauka sana, ukilowa, hutoa hewa ya ukaa kwa ghafla na kwa wingi, kwa kuwa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huamka na kuanza kuila mboji kwa pupa. Hadi leo wanasayansi wa dunia nzima huliita tukio hilo kwa jina la Birch, na ni jambo la kujivunia kwamba lilijulikana kutokana na udongo wa kwetu.

Ukame unapoingia mahali ambapo moto si mgeni wa kawaida, hasara huwa ya namna nyingine kabisa. Oktoba 2020 moto uliozuka kwenye njia ya wapanda mlima wa Kilimanjaro uliunguza zaidi ya kilometa za mraba 90. Huko juu misitu haina ngozi nene ya migunga. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeifuatilia milima hiyo kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba hasara ya maji ya ukungu yaliyokuwa yakikamatwa na miti hiyo inapita ile ya barafu inayoyeyuka. Watalii huja kuipiga picha barafu. Msitu hakuna anayeupigia picha. Na mwaka 2023 huko Kanada, baada ya joto na ukame wa kipekee, misitu ya takribani hekta milioni 15 iliungua na kutoa kaboni ipatayo tani milioni 650. Hesabu za awali za mwaka huo zilionyesha kwamba nchi kavu ya dunia nzima ilipokea hewa ya ukaa kidogo mno kuliko kawaida yake. Ghala halikufungwa, ila mlango ulibaki wazi kiasi cha upenyo.

Siku hizi kaboni ya miti ina bei. Kanuni za biashara ya kaboni zilitungwa nchini mwaka 2022, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimekuwa vikipata fedha kwa kuulinda msitu wao, fedha zilizosaidia kujenga shule na zahanati. Ni jambo la heri. Ila mwandishi huyu angependa kila mkataba wa aina hiyo uwe na ukurasa mmoja unaosema nani atafyeka mkuza mwezi wa Mei, kwa panga la nani, na kwa ujira gani, kwani mnunuzi aliye ng'ambo hatakuwapo Septemba.

GUNIA LA MKAA

Tumezungumzia moto wa mbali. Umebaki ule ulio barazani. Asubuhi yoyote, kando ya barabara ya Pasiansi, utasikia mteja akiuliza, “Shikamoo mama, kopo la leo bei gani?” na baada ya kuitikiwa marahaba na kutajiwa bei, akaguna. Mkaa ule ulikuwa mti. Katika tanuri la kienyeji la udongo, tani 1 ya mkaa humeza tani 5 hadi 10 za kuni; sehemu kubwa ya kaboni imekwisha kupaa kabla gunia halijafungwa kamba. Tena tanuri likiachwa bila mlinzi ndani ya pori kavu, ndilo huwa mwanzo wa ule moto wa Septemba. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kwa anayepokea ujira wa siku, tatizo ni kwamba mkaa huuzwa kwa kopo, ilhali mtungi wa gesi hujazwa kwa mkupuo. Aliyebuni namna ya kuuza gesi kwa kipimo cha kopo amefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi.

Mvua za kwanza huja mara nyingi Oktoba. Huanza na upepo, vumbi, milango inayojipigapiga, na watoto wanaokimbizwa kuingiza ndoo ndani, kisha kuzitoa tena. Matone makubwa yakigonga ardhi, inapanda ile harufu ambayo kila aliyelelewa Usukuma huijua hata akiwa amefumba macho. Ni kazi ya bakteria wa udongo hiyo: wao waliitengeneza harufu hiyo kabla ya mvua, na matone yakigonga ardhi huirusha hewani. Kwenye vilima vilivyochomwa Juni, chini ya masizi, nyasi huchomoza baada ya siku chache. Kwenye vile vilivyoungua Septemba, maji hushuka yakiwa meusi, yakipita mitaroni kati ya nyumba hadi ziwani, na akina mama huanika nguo tena.